Kuchoma raku kwa pumba za mpunga, Moshi

Raku, namna ya kuchoma vyombo vya udongo, ilianzia Kyoto, Japani, karne ya 16: chombo kinatolewa motoni kikiwa bado chekundu. Kukifukia kwenye pumba ili moshi ukitie weusi kulikuja baadaye, kwa wafinyanzi wa Marekani wa miaka ya 1960. Hapa mjini Moshi pumba si tatizo. Mashine za kukoboa mpunga za Mabogini na Chekereni zinazo tele.

Udongo ndio kila kitu. Changanya ndoo 3 za udongo wa mfinyanzi na ndoo 1 ya vigae vya vyungu, vilivyotwangwa na kuchekechwa vikawa kama mchanga. Vigae vimeshapita motoni, havisinyai tena, ndiyo maana chungu kinahimili joto linapobadilika ghafla. Ukivipunguza ili udongo uwe laini mkononi, chungu kitapasuka kikitoka tu kwenye joko. Ukuta uwe wa milimita 7 hivi, unene ule ule hadi kitako. Panapopishana ndipo ufa unapoanzia. Kikianza kukauka, kisugue kwa jiwe laini la mtoni mpaka king'ae.

Kianike kivulini siku 10, na Juni au Julai ongeza wiki nzima. Kiguse kwa shavu: kikiwa cha baridi bado kina maji, na maji hayo yakigeuka mvuke yatakilipua.

Choma mara ya kwanza kwa kuni na samadi kavu, moto ukipanda polepole, kisha kiache kipoe usiku kucha. Mara ya pili kipashe kwenye joko dogo la matofali mpaka chungu chenyewe kiwake rangi ya chungwa, nyuzi 900 hivi.

Kabla ya kufungua joko, weka tayari nje: pipa la chuma lenye kifuniko (lisiwe la mabati, kwani zinki ikipata moto hutoa moshi wenye sumu), pumba kavu, mchanga mbichi, koleo refu la nondo, glavu za ngozi na ndoo ya maji. Vaa nguo za pamba.

Kitoe, kiweke juu ya pumba, mwagia nyingine, zikiwaka funika na uzibe ukingo kwa mchanga. Yote hayo ndani ya sekunde 10. Kikikawia hewani kinapoa, nacho kitatoka na mabaka ya kahawia. Usifungue kabla ya nusu saa. Hewa ikiingia mapema inaunguza weusi wote.

Kikipoa kabisa, kifute majivu, kisha kipake nta ya nyuki. Hata hivyo kitavuja, kwa hiyo usikiwekee maji wala chakula.