Namna ya kufuatilia nasaba katika nyaraka za kale za Uingereza

Wasomaji wa Kiswahili wenye sababu ya kuchungua madaftari ya Uingereza ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Yuko aliyeolewa huko na sasa wanawe wanauliza habari za ukoo wa baba yao, yuko ambaye babu yake mzaa mama alikuwa fundi wa Kiingereza aliyefika Mombasa akarudi kwao bila kuaga, na yuko ambaye wazee wake walikuwa mabaharia wakalowea Cardiff au Liverpool. Mwongozo huu unahusu hasa England na Wales, kwa kuwa Uskoti na Ayalandi zina sheria na hifadhi zao, nami nitazigusa kwa ufupi tu.

Kazi huanza nyumbani, kwa walio hai, kabla hujafungua tovuti yoyote. Kaa na mzee aliyebaki, uandike majina kamili, majina ya utani, kazi, dhehebu, mitaa waliyokaa, na majina ya ndugu wote hata wale waliokufa wadogo. Usidharau ndugu hao. Mara nyingi babu yako hapatikani popote, lakini dada yake mwenye jina lisilo la kawaida anaonekana waziwazi, na ukimpata yeye umeipata nyumba nzima. Baada ya hapo rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, kutoka unachokijua kwenda usichokijua. Anayeanza kwa kuchagua mtu mashuhuri wa karne ya 17 mwenye jina la ukoo kama lake, kisha akajaribu kushuka hadi kwake mwenyewe, atapata nasaba nzuri ya watu wengine.

Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837. Nakala za nchi nzima zimo katika Ofisi Kuu ya Usajili, ambayo huuza vyeti kwa mtu yeyote, awe na undugu na mhusika au asiwe nao. Kwanza unatafuta katika faharasa, ambayo hukupa jina, robo ya mwaka, wilaya ya usajili, namba ya buku na ukurasa, kisha unaagiza cheti kwa kutumia namba hizo. Faharasa zinasomeka bure katika tovuti ya kujitolea ya FreeBMD, na za vizazi na vifo zimo pia katika tovuti ya Ofisi Kuu yenyewe kwa anayejiandikisha. Hii ya pili ina faida kubwa: inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, ilhali faharasa za zamani zilianza kulionyesha katika robo ya Septemba 1911 tu, yaani ile ya Julai hadi Septemba. Kwa mwenye kutafuta mtoto wa ukoo wa Smith au Jones, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafika au atapotea.

Kumbuka kwamba robo ya mwaka inahesabiwa kwa siku ya kuandikishwa, si siku ya kuzaliwa. Wazazi walipewa siku 42 za kumwandikisha mtoto, kwa hiyo aliyezaliwa Desemba 1879 anaweza kuwa katika robo ya Machi 1880. Aidha, kabla ya sheria ya 1874 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, mzazi hakubanwa ipasavyo kwenda kuandikisha, na baadhi ya watoto wa miaka hiyo ya mwanzo hawamo kabisa. Usipomwona mtoto wa 1850 katika faharasa, huenda si kosa lako.

Kila cheti kina uzito wake. Cheti cha kuzaliwa hutaja wazazi wote wawili, kazi ya baba, na anwani ya mtoa taarifa. Nafasi ya baba ikiwa tupu, kwa kawaida mama hakuwa ameolewa. Cheti cha ndoa hutaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, jambo linalokurudisha nyuma kizazi kizima kwa karatasi moja, ila majina ya mama hayakuingizwa hadi Mei 2021. Soma pia majina ya mashahidi, kwani mara nyingi ni ndugu, na uangalie nani alitia saini na nani alichora msalaba. Lakini usiyaamini yote kwa usawa. Kijana aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kumbuni baba siku ya harusi ili kuficha aibu, na neno la kusema mtu ni mzima kiumri lilimaanisha tu kwamba ametimiza miaka 21 au zaidi, au kwamba amedai hivyo. Cheti cha kifo nacho husema kile mtoa taarifa alichokijua; jirani aliyemwona marehemu akifa hakuwa na haja ya kujua alizaliwa lini.

Sensa ndiyo hazina tamu kuliko zote, nami ningemshauri anayeanza atumie muda mwingi zaidi hapo. Uingereza imehesabu watu kila miaka kumi tangu 1801, lakini majina ya kaya zote nchini yamehifadhiwa kuanzia sensa ya 1841. Sheria huyafunga majina hayo kwa miaka 100, hivyo ya mwisho iliyo wazi ni ya Juni 1921, iliyofunguliwa Januari 2022. Usiisubiri ya 1931 ya England na Wales, kwa maana iliteketea kwa moto Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kiasi na rejista ya taifa iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939, yenye tarehe kamili za kuzaliwa, ingawa watu wanaoweza kuwa bado hai wamefunikwa.

Sensa ya 1841 isomwe kwa uangalifu wa pekee. Makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kigawe cha tano kilicho chini yake, kwa hiyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35, na wala haikuelezwa nani ni mke wa nani wala nani ni mtoto wa nani. Kuanzia 1851 mambo yanakuwa bora: uhusiano na mkuu wa kaya umetajwa, umri umeandikwa kama ulivyotamkwa, na parokia ya kuzaliwa imo. Parokia hiyo ndiyo ufunguo wa madaftari ya kanisa, kwa hiyo iandike kila unapoiona, ukijua kwamba mtu yule yule anaweza kutaja mahali patatu tofauti katika sensa tatu. Aliyehama utotoni hutaja mji aliokulia, au mji mkubwa ulio karibu na kijiji chake. Mwaka 1911 karatasi zilizojazwa na wenye nyumba kwa mkono wao wenyewe zilihifadhiwa, na wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa. Humo ndimo wengi wetu tunakutana na watoto ambao familia iliacha kuwataja.

Maneno ya undugu yanahitaji tahadhari. Katika karne ya 19, neno la Kiingereza tunalolifasiri kuwa mkwe lilitumika pia kwa mtoto wa kambo, kwa hiyo mvulana wa miaka minane aliyeandikwa kuwa mkwe wa mkuu wa kaya hakuoa mtu: mama yake ndiye aliyeolewa mara ya pili. Nilipoteza majuma kadhaa kwa kutolielewa jambo hili moja.

Majina nayo yaliandikwa kwa kusikia. Karl Marx, aliyekuwa akiishi Soho mwaka 1851, aliingizwa katika sensa kama Charles Mark, na kama mtu wa kalamu kama yeye aliweza kupotoshwa jina, kibarua wa shamba asiyejua kusoma hakuwa na wa kumsahihishia. Juu ya kosa la karani linaongezeka kosa la wanaonakili siku hizi kwa ajili ya tovuti, ambao husoma S kuwa L na n kuwa u. Kwa hiyo tafuta kwa jina la kwanza, umri na mahali pa kuzaliwa ukiacha jina la ukoo wazi, au tumia alama ya nyota badala ya herufi zenye shaka, kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe. Wapo pia waliojificha kwa makusudi: usiku wa sensa ya 1911 wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura waliisusia, na Emily Wilding Davison alilala ndani ya kabati la Bunge ili aandikwe kuwa mkazi wa jengo hilo.

Ukivuka 1837 kurudi nyuma, unaingia katika madaftari ya parokia. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi, ingawa ni parokia chache zenye madaftari ya tangu mwanzo. Sasa mengi yamehifadhiwa katika hifadhi za kaunti, na nakala zilizopelekwa kwa maaskofu kila mwaka huokoa jahazi pale daftari lenyewe lilipoliwa na unyevu au panya. Zingatia kwamba tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa, kwani baadhi ya wazazi walipeleka watoto wote watano siku moja. Zingatia pia kalenda: hadi 1752 mwaka wa England ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa hesabu ya kasisi alibatizwa Februari 1721 kwa hesabu yetu. Asiyejua hilo atadhani mtoto amewatangulia wazazi waliooana Juni 1720.

Tangu Machi 1754 ndoa, isipokuwa za Wayahudi na za Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo, zilipaswa kufungwa katika Kanisa la England, kwa hiyo hata Mbatisti au Mkatoliki mtafute humo. Na kama ukoo wako ulikuwa maskini, usikate tamaa. Maskini waliandikwa sana kwa sababu walikuwa gharama: parokia iliwahoji walizaliwa wapi ili iwarudishe kwao, na ilimtafuta baba wa mtoto wa nje ya ndoa ili alipe matunzo. Matajiri nao wameacha wosia, ambazo tangu 12 Januari 1858 zimeorodheshwa kwa nchi nzima, na kabla ya hapo zilithibitishwa katika mahakama za kanisa. Anayesumbua kumpata ni fundi wa kawaida aliyelipa kodi yake na kunyamaza.

Hapa ndipo penye kosa linaloharibu kazi nyingi. Umempata mtu mwenye jina sahihi, umri sahihi na kijiji kinachokaribiana, ukamwingiza katika nasaba. Kabla hujafanya hivyo, hakikisha mtoto huyo hakufa utotoni, kwa kuangalia vifo na mazishi ya miaka inayofuata. Wazazi wa zamani walizoea kumpa mtoto mpya jina la aliyekufa, na pengine wako ni yule wa pili. Kisha tafuta watoto wengine wa jina hilo katika parokia za jirani, uwaondoe mmoja mmoja kwa ushahidi. Nyaraka mbili zilizotoka kwa watu wawili tofauti ndizo zinazothibitisha. Nasaba ya mtu mwingine iliyowekwa mtandaoni bila kutaja daftari si ushahidi, hata kama imenakiliwa na watu mia. Andika rejea ya kila ulichokiona, na uandike pia ulikotafuta usipate, la sivyo mwakani utarudi kuchimba shimo lile lile.

Kwa ajili ya Uskoti, usajili ulianza 1855 na uko katika tovuti ya ScotlandsPeople. Vyeti vyake ni vya ukarimu, maana hata cha kifo hutaja wazazi wote wawili. Ayalandi ilipoteza sehemu kubwa ya nyaraka zake Juni 1922, hifadhi ya Dublin ilipoungua wakati wa mapigano, lakini sensa zake za 1901 na 1911 zinasomeka bure. Rekodi za askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza nazo ziliungua kwa mabomu Septemba 1940, na zilizobaki ni chini ya nusu.

Wenye mabaharia katika ukoo waende kwenye rekodi za meli za biashara. Orodha za wafanyakazi wa meli za mwaka 1915 zimenakiliwa na kuwekwa mtandaoni bure. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London, ina orodha za abiria waliowasili kutoka 1878 hadi 1960, zikiwemo safari za kutoka Afrika Mashariki. Ukitafuta humo, kumbuka kwamba karani wa bandarini hakuelewa majina yetu: Juma bin Ali anaweza kuwekwa chini ya Juma, chini ya Ali, au chini ya Bin kana kwamba ndilo jina la ukoo. Ni afadhali kutafuta kwa mahali pa kuzaliwa, ukijaribu Zanzibar, Mombasa, Lamu na Aden, pamoja na tahajia zozote ambazo sikio la Kiingereza lingezizua. Kutoka miaka ya 1918 hadi 1921 zimebaki kadi za mabaharia, ambazo asili zake ziko Southampton, na kadi nyingi kati ya hizo zina picha ya uso wa mwenyewe, maelezo ya umbo lake, na mwaka na mahali alipodai kuzaliwa.