Plastiki angavu ya kulinda rangi ya boneti

Kwa anayesafiri mara kwa mara nyuma ya malori kati ya Mbeya na Iringa, inatosha kubandika plastiki angavu ya kulinda rangi kwenye bampa na ukingo wa mbele wa boneti, si gari zima. Unene wake ni takriban milimita 0.2, lakini hunepa, hivyo kokoto hudunda badala ya kubandua rangi na kuacha kile kidoa kinachogeuka kutu mvua zikianza. Nyunyizia kwanza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto ili iteleze, ilaze mahali pake, kisha yasukume maji yatoke katikati kuelekea kingoni. Asubuhi za Juni kule Makambako gundi hugoma kushika. Subiri jua lipashe bati. Juu ya kutu haifai, wala juu ya rangi iliyopulizwa wiki hii, kwa kuwa mvuke wake hutengeneza mapovu.