Somo: Kurudisha nguvu baada ya Corona katika milima ya Bukavu

Somo hili ni la yule ambaye homa ilikwisha zamani lakini mwili bado unagoma: uchovu, pumzi fupi, kichwa kizito kinachosahau. Mwaka 2021 OMS (Shirika la Afya Duniani) iliweka kipimo cha hali hii, Corona ya muda mrefu: dalili ziwepo miezi 3 tangu ugonjwa uanze, ziwe zimedumu walau miezi 2, na zisiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza. Hilo la mwisho ndilo zito kwetu, basi tunaanza nalo.

Hatua ya 1: Ondoa magonjwa mengine kwanza

Kikohozi kikipita wiki 2, au ukitoka jasho usiku na kukonda, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu, hata kama Corona ilithibitishwa. Kwa uchovu, omba kipimo cha damu (hemoglobini), sukari, malaria na VIH (virusi vya UKIMWI). Na angalia jikoni: babura ya makala (jiko la mkaa) ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana, na dalili zake ni hizo hizo, kichwa kuuma, kizunguzungu na kuchoka. Pikia nje.

Usingoje kesho ukiona maumivu ya kifua, kuzirai, midomo kubadilika rangi, mguu mmoja kuvimba na kuuma (damu inaweza kuwa imeganda), au oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu) kuonyesha chini ya 92 ukiwa umekaa. Kabla ya kuiamini, pasha kidole joto, ondoa verni (rangi ya kucha), ngoja dakika nzima. Kwa ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kuonyesha namba nzuri kuliko ukweli. Pumzi ikikushinda, nenda, hata kama kinasema 95.

Hatua ya 2: Jua mpaka wako

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Leo unajisikia vizuri, unafua, unapanda soko la Kadutu, unarudi na mzigo. Adhabu haiji leo. Inakuja baada ya saa 12 mpaka 72, na wewe unalaumu chakula cha jana. Kujilazimisha "ili nguvu zirudi" kunamfaa aliyelegea kwa kulala sana. Huyu anayeangushwa na kazi ndogo, kunamrudisha nyuma.

Chukua daftari, piga mistari mitatu: kazi uliyofanya, uchovu kwa alama 0 hadi 10, na hali yako kesho na keshokutwa. Andika wiki 2. Kisha shusha kazi mpaka pale ambapo siku inayofuata hulipi deni. Huo ndio mpaka.

Mshipa wa mkono unasaidia pia. Asubuhi kabla ya kuinuka, hesabu mapigo sekunde 30, zidisha kwa 2. Wengi huanza kwa kutozidi hapo kwa zaidi ya mapigo 15: ukiwa na 72, ukifika 87 unasimama. Anayekunywa dawa za presha kama atenolol asitumie hesabu hii, maana dawa inashikilia moyo chini.

Sasa kazi zenyewe. Bido (dumu) la maji la lita 20 ni kilo 20 mgongoni. Tumia la lita 5, au mpe kijana. Sombe (majani ya muhogo) nunua iliyosagwa tayari, maana kinu kinakula mikono na pumzi pamoja. Oga umekaa kwenye kiti kidogo, maji yasiwe moto sana. Mlimani pumzika kabla pumzi haijakwisha: vuta hewa umesimama, toa hewa ukipanda hatua mbili, simama tena. Watu watakupita. Waache.

Wiki 2 zikipita bila kuanguka, ongeza kitu kimoja, kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Ukiongeza viwili hutajua kipi kimekuangusha.

Hatua ya 3: Pumzi

Kaa, inama mbele, viwiko juu ya magoti. Vuta kwa pua ukihesabu 2, toa kwa midomo iliyobanwa ukihesabu 4, kama unapoza chai. Vidole vikianza kuwasha na kichwa kuzunguka, unavuta kupita kiasi, punguza.

Hatua ya 4: Harufu

Kama pua haisikii tena harufu, tafuta chupa nne zenye vifuniko: karafuu, ganda la limau, majani ya kalitusi, na waridi (likikosekana, kahawa). Nusa kila moja sekunde 20, asubuhi na jioni, miezi 3 au zaidi, ukikumbuka harufu ilivyokuwa. Usitie mafuta ndani ya pua. Hadi harufu irudi, mtu mwingine anuse sambaza (samaki wadogo) kama hazijaoza, kabla hujapika.

MASWALI

Mama Neema: Mume wangu akisimama tu, moyo unamwenda mbio. Ni woga?

Jibu: Si lazima, mama. Alale dakika 10, hesabu mapigo. Asimame dakika 10 akiegemea ukuta, wewe uko karibu, hesabu kila dakika 2. Yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, peleka namba hizo kwa muganga, naye apime presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Anywe maji ya kutosha. Chumvi asiongeze kabla ya kuulizwa habari ya presha na figo.

Papa Baraka: Kahawa na vitunguu vinaninukia kama uozo. Nimeharibika?

Jibu: Hapana, papa. Hutokea mara nyingi pale mishipa ya harufu inapojijenga upya. Kula vilivyopoa, maana mvuke ndio unaobeba harufu: viazi, ndizi, maharage. Endelea na chupa.

Furaha: Mama mkwe anasema ni uvivu.

Jibu: Dada, mpe kazi unazoweza kufanya umekaa, kuchambua maharage kwa mfano, kabla hajakupa za kwake. Ugomvi nao unachosha.

Ndugu Espoir: Kujifukiza kalitusi na kunywa kongobololo (majani machungu ya dawa), je? Na deksametasoni ya kununua farmasi?

Jibu: Mvuke unafungua pua kwa muda tu, na sufuria inayochemka imeunguza wengi, kama lazima, iwe mezani, mbali na watoto. Kongobololo haijathibitishwa kutibu hili, na anayekunywa dawa za sukari awe mwangalifu, inaweza kuishusha zaidi. Deksametasoni usiguse bila kuandikiwa. Ilisaidia wagonjwa mahututi waliohitaji oksijeni hospitalini, hilo ni jambo lingine. Nyumbani inapandisha sukari, na kama kuna kifua kikuu kilichojificha, inakifungulia mlango. Kama umekwisha kuimeza kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla. Nenda muganga akupunguzie taratibu.