Mambo ya kujua kabla ya somo la kwanza la kinanda

Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikaingia mikononi, ndipo kwaya nyingi za Masasi, Newala na Nachingwea huanza kuzungumza kwa uzito habari ya kinanda. Mara nyingi kinaagizwa Kariakoo, kinapakiwa kwenye basi, kinafika na batani tele na kitabu cha maelekezo kisicho na neno hata moja la Kiswahili. Ombi langu kwa anayeanza ni kwamba azifahamu batani chache kabla ya kukaa na mwalimu, ili muda wa somo uwe wa vidole na masikio.

Kuhusu ukubwa, vitufe 61, yaani oktavu tano, vinamtosha mwanafunzi. Vinanda vya vitufe 88 vina upana wa piano kamili, lakini ni vizito na bei yake ni kubwa. Nisichokubali kukikosa ni vitufe vinavyohisi mkono: ukigusa taratibu sauti inatoka ndogo, ukikaza inakuwa kubwa. Bila hivyo mtoto anazoea kupiga kinanda kama anayewasha taa. Jaribu hapo hapo dukani. Ukiona sauti haibadiliki, muulize muuzaji kama uwezo huo umezimwa tu kwenye mipangilio.

Umeme uushughulikie kabla ya muziki. Adapta si zote sawa: Yamaha nyingi ndogo hutumia volti 12, Casio nyingi za sasa volti 9.5, na hata plagi ikiingia vizuri, adapta isiyo yake inaweza kuunguza kinanda. Soma maandishi yaliyo nyuma, karibu na tundu la umeme, uyalinganishe na ya kwenye adapta: volti, ampea, na alama ya chanya na hasi. Vinanda vingi vidogo vinakubali betri sita pia, nazo zinafaa umeme unapokatika katikati ya mazoezi. Kwa walio Shangani, Mikindani au Lindi mjini, adui mwingine ni hewa ya chumvi. Usikiweke kinanda dirishani upande wa bahari, kifunike kwa kitambaa cha pamba, na ukikifuta tumia kitambaa kikavu.

Sasa keti, uvitazame vitufe vyeusi. Vimepangwa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena. Kitufe cheupe kilicho kushoto kwa vile viwili ni C. Ukianzia hapo na kwenda kulia kwa vitufe vyeupe peke yake, unaimba do re mi fa so la ti do. Kwa mwanakwaya aliyekulia kwenye sol-fa huu ni msaada mkubwa, kwa kuwa ngazi anayo tayari kichwani.

Lakini nakala ya wimbo inaweza kusema Do ni G, au Do ni F. Hapo ndipo wengi hukimbilia batani iliyoandikwa TRANSPOSE. Inahamisha sauti ya kinanda kizima kwa hatua za nusu toni, yaani kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, cheupe au cheusi: ukiweka +7 au -5, kitufe cha C kinatoa sauti ya G, ukiweka +5, kinatoa F. Inaokoa ibada, sikatai. Ila aliyejifunza kwa batani hiyo peke yake anakwama akikuta piano ya kawaida, na mpiga gitaa akimuuliza yuko wapi, anajibu C wakati sauti inayosikika ni G. Kwa hiyo ijue ilipo, na kabla ya kila zoezi hakikisha kioo kinaonyesha 0, kwa sababu aliyekitumia kabla yako huenda ameiacha kwingine. Kisha jifunze ngazi ya C kwa mikono yako, baadaye G, yenye kitufe kimoja cheusi, F iliyopandishwa nusu, halafu F, yenye B iliyoshushwa nusu. Hatua hizo tatu zitakufikisha kwenye nyimbo nyingi.

Batani nyingine inayowashtua wanaoanza ni ya midundo inayofuata mkono wa kushoto, kwenye Yamaha nyingi imeandikwa ACMP. Ikiwashwa, vitufe vya kushoto vinaacha kupiga noti za kawaida na kuanza kuongoza besi na ngoma. Mtu anadhani kinanda kimeharibika. Izime batani hiyo, mkono wa kushoto ujifunze kazi yake kwanza. Mamia ya sauti za filimbi na vinubi nayo yasubiri. Baki kwenye piano. Metronomu, ule mlio unaohesabu mapigo, ndiyo ya kuwasha tangu mwanzo, kwa tempo 60 hivi, yaani mapigo 60 kwa dakika, hata ukiona ni polepole mno.

Nunua hedifoni, maana nyumba zetu zimebanana na zoezi la kurudiarudia linachosha majirani. Ukitumia pedali ya kurefusha sauti, ichomeke kinanda kikiwa kimezimwa, na usiikanyage wakati wa kukiwasha: vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati huo, na ukiwa umeikanyaga itafanya kazi kinyume mpaka ukizime na kukiwasha upya.