Mto Danube na marafiki wa zamani: jinsi ya kupanga safari ya meli bila kununiana

Kabla hamjalipa hata senti, kubalianeni hili: mchana kila mtu yuko huru, jioni mnakutana meza moja. Marafiki wa tangu ujana hudhani wanajuana. Mnachojua ni jinsi mlivyokuwa kabla magoti hayajaanza kuuma, na kabla mmoja wenu hajawa mtu wa kulala saa mbili usiku. Meli ya mtoni ni ndogo, na ukimchoka mtu huna pa kumkimbilia.

Kwa kundi linaloanza, mimi napendekeza kipande cha Passau hadi Budapest. Mnapita Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria, na mara nyingi meli hufunga gati karibu kabisa na mji wa kale. Nchi zote nne zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo anayehitaji viza huomba moja tu, ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Msithubutu kungoja hizo 15. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pelekeni maombi kwa pamoja, maana kila kundi lina yule wa "nitashughulikia kesho".

Vyumba ndivyo vinavyogombanisha watu. Meli nyingi za huko zina upana wa kama mita 11.4, kwa sababu malango ya maji (vyumba vya kupandishia na kushushia meli) ya mto Main, ambako nyingine huendelea hadi Rhine, yana upana wa mita 12 tu. Basi chumba hakiwezi kuwa ukumbi. Vya sitaha ya chini ni nafuu, ila dirisha liko juu karibu na dari na halifunguki. Vya nyuma kabisa viko karibu na injini. Baraza la chumbani mimi silipii: gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, ukivuta pazia unatazamana na mtu wa meli ya pili anayepiga mswaki. Fedha hiyo afadhali iende kwa mkoromaji. Alale peke yake, na ile ziada ya kulala peke yake muichange nyote. Amani ya usiku ina bei yake.

Muulizeni wakala swali moja kabla ya kusaini: maji yakipungua au yakifurika, mnafanyaje? Yakipungua meli hukwama, yakijaa haipiti chini ya madaraja, na hapo mnaweza kujikuta mkimalizia safari kwa basi. Jibu liwe kwenye mkataba. Mkifika Passau, angalieni alama za mafuriko kwenye mnara wa ukumbi wa mji. Ile ya 2013, mto ulipofika mita 12.89, iko juu ya kichwa cha mtu mrefu.

Sasa huo uhuru wa mchana. Dürnstein, mji mdogo wa Austria, ndipo inapoonekana faida yake. Juu ya kilima kuna magofu ya ngome inayotajwa kuwa ndimo Mfalme Richard wa Uingereza alimofungwa mwaka 1192, akirudi kutoka Vita vya Msalaba. Njia ni mawe na ngazi, mwinuko mkali. Wenye magoti wapande. Sisi wengine tunabaki chini na juisi ya aprikoti, matunda ya bonde hilo la Wachau, tukiwasema vizuri tu. Melk, kinyume chake, nendeni wote. Watawa Wabenedikto wako pale tangu 1089, na maktaba yao haihitaji mguu mzima ili ikuduwaze. Vienna gawanyikeni: treni ya U1 inawafikisha Stephansplatz, katikati ya mji, kila mtu ashike njia yake. Bratislava inazungukika kwa miguu bila haraka.

Viatu viwe vyenye soli nene, kwani barabara za miji hii ni za mawe. Na kila anayeshuka aandike saa ya meli kuondoka, asitegemee kumbukumbu ya mwenzake.

Kuingia Budapest, hasa mkifika usiku, futeni mipango mingine na mpande sitaha ya juu na makoti yenu. Mkishuka na mto, Bunge liko kushoto, upande wa Pest. Kasri liko kulia, Buda. Anayetaka picha ya Bunge awahi kushoto, atasongamana na meli nzima.

Fedha: changeni mfuko mmoja wa teksi, kahawa na bakshishi, akae nao yule mbahili. Euro inatosha hadi Slovakia. Hungaria wanatumia forinti, kwa hiyo badilisheni kidogo tu. Hesabu ifungwe usiku wa mwisho mezani, risiti zikiwa mbele ya wote, kabla mtu hajafunga sanduku.