Umerudisha bakapu, programu zinadai leseni? Anzia hapa

Kompyuta imewaka, faili zako zote zipo, unafungua programu uliyoilipia kwa hela yako inakwambia haikutambui. Usiifute kwanza wala usikimbilie kuinstoli upya, maana kuna programu kila ukiinstoli zinahesabu ni mashine nyingine, nafasi zako zinaisha hivihivi.

Cheki saa na tarehe. Betri ndogo ya kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta) ikichoka kompyuta inawaka na tarehe ya zamani, seva ya leseni ikiona tarehe haziendani inakataa. Mimi nilihangaika na kii (ile namba ya leseni) nusu siku nzima kumbe pale chini kwenye kona imeandikwa 2019 😅

Kama saa iko poa basi jiulize umebadilisha nini. Leseni ya Windows inaangalia zaidi mazabodi, kwahiyo ukibadili disku tu kwa kawaida ukiunganisha intaneti inajiaktiveti yenyewe, ila mazabodi ikibadilika ndo unakutana na era kama 0xC004F211. Fungua komandi promti (lile dirisha jeusi la kuandika amri), andika slmgr /dli, piga enta, subiri kidogo kuna kadirisha kanatokea. Ukiona neno RETAIL hiyo inahamishika: ingia na akaunti yako ileile ya Microsoft, nenda sehemu ya Activation kwenye Settings, bofya Troubleshoot, chagua pale wanaposema umebadilisha hadiwea karibuni. Ukiona OEM, hiyo ilikuja na mashine, mazabodi ikifa na yenyewe imekufa, usipoteze muda.

Programu nyingine zina mambo yao. Nyingi zinaitambua mashine kwa namba ya disku au kadi ya netiweki, na leseni zinaificha kwenye folda kama ProgramData ambayo huioni mpaka uruhusu vilivyofichwa vionekane, sasa wewe uliyefanya bakapu kwa kukopi folda za Documents na picha tu, hiyo uliiacha. Ingia kwenye akaunti yako kwa waliotengeneza programu, itoe ile mashine ya zamani kwenye orodha, halafu ingia upya kwenye programu. Siku nyingine itoe kabla hujaanza kurejesha, inakuokolea mengi.

Na kama bakapu yenyewe ndo inagoma, angalia kama ni ile ya kuongeza mabadiliko tu kila siku, maana faili moja la katikati likipotea yote yaliyofuata hayafunguki, utarudi mpaka siku ya kabla ya pengo. Ikikatikia kwenye GB 4 ujue disku ya nje iko FAT32 (mpangilio wa disku usiopokea faili moja kubwa kuliko hapo), iformati iwe NTFS, ila hamisha vitu kwanza maana inafuta kila kitu.

Wenye BitLocker (ile ya Windows inayofunga disku kwa siri), ile kii ya kuifungulia ya tarakimu 48 iandikeni kwenye karatasi kabla ya kurejesha chochote, isikae ndani ya disku hiyohiyo.