Namna ya Kuihamisha Programu Kongwe ya Ofisi Bila ya Kupoteza Kumbukumbu

Mwongozo huu nimewaandikia maofisa wa TEHAMA na wakuu wa masjala wa Unguja na Pemba waliokabidhiwa programu iliyoandikwa miaka thelathini nyuma, wakaambiwa waibadilishe kabla ya mwaka wa fedha kumalizika. Kabla ya lolote, acheni kuilaumu lugha iliyotumika kuiandika. COBOL, lugha mojawapo kongwe ya kuandikia programu, ilianza kubuniwa mwaka 1959 na hadi leo inafanya kazi katika mabenki na serikali nyingi. Mwezi wa Aprili 2020, maombi ya malipo ya wasio na ajira yalipofurika kwa sababu ya korona, gavana wa New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wanaoijua COBOL wajitokeze kusaidia. Lugha ilikuwepo, walioadimika ni wa kuisoma.

Kwenye kompyuta ya mezani iliyosahauliwa pembeni mwa ofisi, jambo la kutarajia zaidi ni programu ya ukoo wa dBase, yaani iliyoandikwa kwa Clipper au FoxPro, zana za zamani za kutunzia kumbukumbu katika majedwali. Microsoft iliinunua FoxPro mwaka 1992, na ilipofika Januari 2015 ikaacha kabisa kuihudumia. Programu yenyewe haikupata habari hiyo, ikaendelea kuchapisha stakabadhi kama kawaida.

Hatua ya kwanza ni kunakili diski nzima kabla ya kugusa kitu chochote, na kabla ya kuihamisha mashine hata kutoka meza moja hadi nyengine, kwa sababu diski iliyozunguka miaka mingi katika hewa ya chumvi huenda isiamke tena ikishazimwa. Usinakili faili za DBF, yaani zile zenye majedwali yenyewe, peke yake. Maelezo marefu, kwa mfano sababu ya kukataliwa ombi, hukaa katika faili ya pembeni yenye mkia wa DBT au FPT, na ukiiacha hiyo utabaki na majina yasiyo na habari zao. Weka nakala tatu, na moja ivuke bahari: ya Unguja ihifadhiwe Chake Chake, na ya Pemba ihifadhiwe mjini Unguja. Kuanzia hapo fanyia kazi nakala tu. Programu za zama za DOS, mfumo uliotangulia Windows, hazifunguki kwenye Windows ya biti 64, hivyo ziendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, au katika mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye mali. Kaa na karani aliyeitumia programu hiyo, na kama amestaafu mfuate nyumbani kwake kwa adabu, maana kanuni nyingi za ofisi hazimo ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Zimo kichwani mwake. Katika ofisi moja kisiwani Pemba nilikuta mamia ya watu walioandikiwa kuwa wamezaliwa mwaka 99, nami nilikuwa tayari nimeshawageuza vijana wa 1999. Nilipomuuliza karani wa zamani, "Bi Mkubwa, tisa tisa hizi zina maana gani?" akanijibu, "Mwanangu, huo si mwaka. Huyo hajui kazaliwa lini." Programu ilikataa kuacha nafasi tupu, basi akaijazia kitu. Muulize kila alama, kila kifupisho, kila nyota iliyobandikwa mwishoni mwa jina, na uyaandike majibu katika daftari moja linalotiwa saini na yeye pamoja na mkuu wake. Usimharakishe, kwani hadithi anayoianza kwa kumtaja bosi wake wa zamani mara nyingi huishia kwenye kanuni unayoitafuta.

Tukija kwenye data yenyewe, mitego ni mingi. Mwaka wenye tarakimu mbili ulizoeleka wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na leo 25 inaweza kuwa bibi wa 1925 au mtoto wa 2025. Usiweke kanuni moja ya kukisia kwa wote. Tazama tarehe ya kuandikishwa, kwa kuwa aliyesajiliwa mwaka 1994 hawezi kuwa amezaliwa 2025.

Majina yanahitaji subira zaidi. Iwapo safu ya jina ilipewa herufi ishirini tu, Khadija Mohammed Abdalla atakuwa amekatwa na kuwa "Khadija Mohammed Abd", na hiyo "Abd" inaweza pia kuwa Abdulrahman au Abdi. Kwetu jina la tatu ndilo linalomtenganisha mtu na majirani zake watatu wenye majina yaleyale mawili, kwa hiyo lisimaliziwe kwa kukisia. Lirejeshwe kutoka fomu ya karatasi. Na pale Mohamed, Mohammed na Muhammad wanapoonekana kuwa mtu mmoja, usiwaunganishe mpaka tarehe ya kuzaliwa na shehia ziafikiane.

Mipaka nayo imehama. Programu ya zamani inaijua Wilaya ya Magharibi moja, ilhali leo kuna Magharibi A na Magharibi B. Shehia ndiyo itakayokuongoza, lakini baadhi ya shehia pia zimegawanywa, na hapo hakuna fomula itakayokufaa. Ipeleke orodha kwa masheha waithibitishe. Thamani ya zamani ihifadhiwe katika safu yake bila ya kuguswa, ili atakayekuja baada yako aone kilichobadilishwa.

Jambo jengine ni kuwa faili ya DBF haifuti rekodi papo hapo, bali huitia alama ya nyota na kuiacha ndani mpaka atokee mtu wa kutoa amri ya PACK, inayoziondoa kabisa. Kifaa cha kuhamishia kisichoijua alama hiyo kitawarudisha waliokwishaondolewa, na wastaafu waliofariki wataingia tena katika orodha ya malipo. Hata hivyo, usizitupe rekodi hizo. Zitenge, kwani huenda moja ilifutwa kwa makosa.

Ikiwa wizara yako ilikuwa na kompyuta moja Unguja na nyengine kwa Afisa Mdhamini Pemba, tarajia namba moja kupewa watu wawili. Ongeza safu inayoonyesha kisiwa rekodi ilikotoka kabla ya kuyaunganisha majedwali. Vilevile kagua mapengo ya tarehe. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na jedwali lenye ukimya wa miezi hiyo linakuelekeza kwenye daftari la mkono ambalo labda halijawahi kuingizwa.

Kuhusu fedha nina neno moja: programu mpya isihesabu shilingi kwa namba za desimali zinazoelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, kwa sababu kompyuta nyingi zikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo hazipati 0.3 kamili. COBOL ilikuwa makini katika jambo hili tangu mwanzo. Tumia aina ya desimali halisi, au hesabu kwa senti nzima.

Uchaguzi wa lugha mpya si mgumu kiasi wanachodai wauzaji. Chagua ile ambayo vijana wa hapa wanaijua, shauriana mapema na Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, na usitie saini mkataba usioipa ofisi msimbo chanzo pamoja na uwezo wa kuitoa data yote katika maandishi ya kawaida. Ofisi isiyo na msimbo wake, hata programu yake ikiwa ya jana, tayari imeshazeeka.

Kisha ziendeshe programu mbili sambamba kwa angalau miezi mitatu. Kila mwisho wa mwezi linganisha jumla, na tofauti ya hata shilingi moja itafutiwe chanzo chake. Pamoja na jumla, karani achague mwenyewe majina thelathini anayoyajua, afungue kila moja pande zote mbili na asome kwa sauti. Jicho lake litaona kosa ambalo jumla hailioni.

Programu mpya ikishakubaliwa, ya zamani iondolewe kwenye mtandao, ibandikwe karatasi yenye tarehe na jina la aliyeizima, na ikae kabatini hadi mwaka mmoja kamili wa fedha, wa Julai hadi Juni, upite na wakaguzi wawe wameshaondoka. Kabla ya kuitoa katika orodha ya mali za ofisi, waulize watu wa Nyaraka za Taifa, Kilimani, kama kuna kumbukumbu ndani yake wanayotaka kuihifadhi, na diski ifutwe kabisa kabla ya mashine kutoka mlangoni.